Saluki Asiyevuka Kizingiti

Baba hajui kutoa habari polepole. Mwezi uliopita alinitumia ujumbe wa sauti nikiwa kazini, Dar, nimekalia kiti cha ofisini cha kuzunguka ambacho wenzangu wamenikataza kukizungusha. Nikaweka simu sikioni. Akakohoa, akanisalimia, akaniuliza kama nimekula, halafu akasema, "Tutaona kafa. Tumemzika kule juu, karibu na mikarafuu. Mvua huku zinanyesha vizuri." Basi. Kati ya kifo cha mbwa wetu Tutaona na habari za mvua hakuvuta hata pumzi.

Niliinuka. Nikashuka ngazi mpaka chini, nikapanda, nikashuka tena. Mlinzi wa getini akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia nimefiwa. Akanipa pole, akauliza nani. Nilishindwa kusema ni mbwa. Nimevaa baibui, jina langu Zuwena, na lafudhi yangu ya Kipemba inasikika hata ninaposoma habari za asubuhi. Mtu kama mimi anafiwaje na mbwa? Nikasema, "Bibi yangu." Bibi alikufa tangu mimi ni mtoto wa chuo cha Kurani, lakini sikuona kama nimedanganya. Kwangu wale wawili hawajapata kutengana, na siku nzima ile niliyozunguka ofisini kama kuku anayetafuta pa kutagia, nilikuwa nawalilia wote.

Nyumba yetu ilikuwa Pemba, upande wa Vitongoji, juu kidogo ya pwani. Ukoo wa babu yangu ulitoka Manga, yaani Uarabuni, na zamani ulikuwa na mashamba. Mpaka kufika zama zangu vilikuwa vimebaki mikarafuu michache, konde moja ya mihogo, na majina marefu. Bibi alikuwa Mpemba wa Kiuyu, mtoto wa mvuvi, na majina marefu hakuwahi kuyaona kuwa kitu cha kutia chunguni. Nililala naye kitanda kimoja tangu nilipoachishwa ziwa. Nilikuwa mtoto asiyetulia. Nilikula nimesimama, nilisoma Kurani nikitikisa goti, hata usingizini nilipiga mateke. Mama alisema nina sisimizi miguuni. Ni Bibi tu aliyeijua dawa yangu: alinilaza upande wa ukutani akaniwekea mguu wake mzito juu ya miguu yangu, na hapo ndipo nilipotulia. Bila ya mguu ule sikujua kulala. Nalisema hili mapema kwa sababu yote niliyoyafanya baadaye yalitokana nalo.

Ami Khalfan, mdogo wake Baba, alikuwa akiishi Maskati, na kila akija likizo alituletea kitu cha kutushangaza. Mwaka mmoja alishuka garini na boksi lenye matundu. Nikadhani kaniletea njiwa. Alipolifungua akatoka kiumbe wa rangi ya asali, mbavu zinahesabika, masikio yana manyoya marefu mithili ya nywele za binti, na miguu imezidi mwili. Mtoto wa mbwa wa kawaida angekuja kutunusa. Huyu alitazama kwa juu ya vichwa vyetu, mbali, kule kwenye uwazi wa bahari, kana kwamba sisi tumemzibia njia.

"Kwani hichi n'ni?" Bibi akauliza.

"Saluki, Mama," Ami akasema kwa fahari. "Mbwa wa kuwinda, wa asili. Warabu wa jangwani wanalala naye hemani. Si sawa na mbwa hawa wa mitaani. Wao hata mbwa hawamwiti."

Bibi akamkagua kuanzia pua mpaka mkia. "Pua majimaji anayo. Mkia anao. Hebu ngoja abweke." Na yule mtoto wa mbwa, kama aliyeitwa kutoa ushahidi, akabweka. "Jibwa," Bibi akahukumu. "Mrudishe hemani kwake."

Lakini Baba alikuwa keshampenda. Konde yetu ilikuwa ikiliwa na nguruwe mwitu usiku na tumbili mchana, na Baba alikuwa na tabia ya kubishana na mama yake kwa vitabu. Akamkumbusha kwamba sheria imeruhusu mbwa wa kuwinda na mbwa wa kulinda mazao. Bibi aliujua ukweli huo, na ingawa alikuwa mkaidi, ucha Mungu wake ulizidi ukaidi.

"Imeruhusu kondeni," alisema. "Haikuruhusu ukumbini." Akainuka, akaenda mlango wa mbele, akaweka unyayo wake juu ya kizingiti. "Nasema mbele yenu nyote. Nyumba yenye jibwa malaika haingii. Siku likivuka hapa, miye nafunga bunda langu narudi Kiuyu kwa ndugu zangu, na hamtaniona tena."

Wakubwa wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimwona Bibi ndani ya gari na bunda lake mapajani, na nikajiona mimi kitandani peke yangu, miguu inahangaika. Tangu siku ile nilikuwa na vitu viwili vya kuchunga: mbwa niliyempenda pale pale alipotoka kwenye boksi, na Bibi ambaye mbwa huyo angeweza kumfukuza kwa hatua moja tu.

Jina lilikuja lenyewe. Bibi aliuliza kwa kejeli, "Na hilo litafaa nini?" Baba akajibu, "Tutaona." Kwetu mbwa wa wasasi, yaani wawindaji, hupewa majina ya kuwasemea majirani, kama Wacha-waseme na Sina-neno, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa.

Kufuga mbwa katika nyumba ya wenye kuswali ni kazi ya kutwa. Baba aliweka ndoo ya udongo safi karibu na bomba la uwani, na kila aliyelambwa aliosha mara saba, moja kwa udongo. Mimi nililambwa kila siku. Kiangazi mambo yalikuwa mepesi, lakini masika ilikuwa vita: mbwa kalowa, nguo za sala ziko kwenye kamba, Mama kasimama mlangoni na ufagio. Shuleni wenzangu walininusa mikono wakanipa jina la Mfinyanzi. Sikujali. Nilijiona nina siri ambayo wao hawana, ya mnyama mrefu anayenisubiri njiani nikitoka darasani, anayetetemeka mwili mzima kwa hamu ya kuondoka, popote pale, mradi aondoke.

Mafunzo rasmi yalikuwa ya Baba. "Samaki mkunje angali mbichi," alisema, akaanza Tutaona akiwa bado ana meno ya utoto. Kitabu cha kufundishia mbwa hakuwa nacho. Alichokuwa nacho ni masharti aliyoyasoma ujanani: mbwa aliyefundishwa ni yule akitumwa aende, akizuiwa azuilike, na akikamata asile. Akitimiza hayo, windo lake ni halali. Baada ya alasiri Baba alifunga kipande cha ngozi ya mbuzi kwenye kamba, nami nikakiburura mbio katika njia ya kondeni huku yeye akimwachia mbwa. Sharti la kwanza Tutaona alizaliwa nalo. Ulimwona anaondoka, kisha humwoni. La pili ndilo lililomtia Baba mvi. "Simama! Yakhe, simama!" Mbwa alisikia, hilo nina hakika, kwa sababu sikio moja liligeuka. Miguu ndiyo iliyokuwa haisikilizani na sikio.

Siku moja maji yamekupwa, alituponyoka akateremka pwani. Saluki huwinda kwa macho, na pwani wakati ule ni nyeupe, tambarare, ndege wamejaa mpaka mbali. Nilipofika nikihema nilikuta wanawake wanaolima mwani wamenyanyua nguo zao wanapiga mayowe, na Tutaona, chapachapa kwa maji ya bahari, anazunguka kati ya vigingi na kamba zao kama anafuatilia harusi.

"Mwite, weye ntoto!" mmoja alinipigia kelele. "Mwite, asitukaribie na maji yake!"

Nikamwita. Alikuja, akanipita ubavuni kwa kasi iliyonipeperusha mtandio, akaenda zake, akarudi, akanipita tena. Ningepaswa kuona aibu. Nilichoona ni wivu, wivu mkali. Sikuwahi kuona kiumbe anayefanya kile hasa ambacho mwili wangu ulikuwa ukinililia nikifanye tangu nizaliwe, bila ya mtu wa kumwambia kaa kitako. Baba alikwenda kuomba radhi nyumba kwa nyumba jioni ile. Bibi alisema jibwa lile lina pepo la ntoto huyu, na Mama akajibu kwamba pengine ni ntoto huyu mwenye pepo la jibwa.

Wakati Baba anahangaika na sharti lake la pili, mimi nilikuwa na sharti langu la peke yangu, ambalo halimo katika masharti ya kuwinda: asivuke kizingiti. Kila mlango ulipoachwa wazi nilikimbia kuufunga. Basi kila siku nilichukua ukoko wa wali nikakaa ndani, yeye nje, mlango wazi. Akinyanyua mguu kuvuka, niliurudisha ukoko sufuriani nikaenda zangu bila kusema neno. Akikaa, nilimrushia. Mwanzoni tulikosana sana. Alilia, alikwaruza, alijifanya anatazama pengine huku mguu ukinyemelea. Na mimi, ambaye sikuweza kukaa mpaka uji upoe, nilijifunza kukaa pale, goti linatikisika, kumngoja mbwa aamue. Sijui nani alikuwa anamfundisha nani. Kilichonikalisha ni hofu. Kila mguu wake uliponyanyuka niliona bunda la Bibi linafungwa.

Siku yenyewe ilipofika haikuwa na shangwe. Tutaona alitoka kondeni kwa mbio zake zote, akaja moja kwa moja mlangoni, na pale kwenye kizingiti akasimama ghafla mpaka vumbi likamtangulia kuingia. Hakuna aliyemwita wala kumzuia.

"Kwangu hasimami, hapa anasimama!" Baba akalalamika.

Bibi alikuwa ameketi ukumbini anachambua mchele. Alimtazama mbwa, akanitazama mimi, akarudi kwenye ungo wake. "Kuna watu hawana adabu hiyo," akasema.

Tangu hapo wakawa na mazoea yao. Bibi alikaa upande wa ndani na shughuli zake, Tutaona upande wa nje, pua juu ya mpaka, na Bibi akawa anamzungumzisha pale anapodhani yuko peke yake. Alimlaumu kwa ukondefu wake. Alimsimulia habari za watu wa Kiuyu waliokwisha kufa. Na siku Tutaona alipomletea Baba kanga wa porini, mzima bado, anapapatika mdomoni, Baba akamchinja, Bibi aliuliza swali moja tu: "Kala?" Baba akaapa hakula hata unyoya. Bibi akala paja mchana ule, na kipapatio akakirusha mwenyewe nje ya mlango. Sikuwahi kuwa na raha kama siku ile. Niliona nimeshinda: mbwa ninaye, na Bibi haendi popote.

Chuoni maalim wetu alikuwa mtu mwema, lakini maswali yangu yalimchosha, kwa sababu kila moja lilikuwa na mimba ya jingine. Siku hiyo alikuwa akitusomesha habari za malaika: wa kuteremsha wahyi, wa mvua, wa kupuliza baragumu, wa kutoa roho. Nikanyoosha mkono.

"Maalim, nyumba yenye mbwa malaika haingii?"

"Haingii."

"Wote?"

"Wote."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, Zuwena! Kaa kitako!"

Nikakaa. Somo likaendelea bila ya mimi. Maalim alitaka kuninyamazisha tu, na nadhani kabla ya kengele alikuwa keshasahau. Mimi nililishika jibu lile kama lilivyo, kwa sababu mtoto hupewa neno na mkubwa akalichukua zima, hajui kwamba mkubwa naye huchoka.

Kipupwe kile Bibi alianza na kikohozi. Kikamshuka kifuani. Wakampeleka hospitali ya mjini Chake, wakakaa naye siku kadhaa, wakamrudisha, nami nikafurahi kwa kuwa nilidhani mtu akirudishwa ndiyo kapona. Nilihamishwa kitanda. Nililala na Mama, ambaye hakuwa akilala kwa kuuguza, na miguu yangu haikupata pa kukaa. Nyumba ikajaa wanawake wanaosema kwa sauti ya chini na kunishika kichwa bila sababu. Nilizunguka uwani, nikazunguka nyumba, nikamzungusha Tutaona konde nzima, nikarudi, na hakuna aliyekuwa akiniambia kaa. Hilo ndilo lililoanza kunitisha.

Asubuhi moja nilikuwa nyuma ya pazia la ukumbini. Majirani wawili walipita wanabeba maji. Mmoja akasema, "Wacha tu. Malaika wa Mauti keshatumwa. Ni leo au kesho." Mwenzake akajibu, "Mungu amfanyie wepesi."

Nilisimama pale, na yote niliyowahi kufundishwa yakajipanga mstari. Malaika wa Mauti ni malaika. Nyumba yenye mbwa malaika haingii, hata mmoja. Mbwa tunaye. Niliwahurumia wakubwa kwa kuwa, kwa shughuli zao nyingi za kuchemsha dawa na kusoma Yasini, jambo jepesi namna hii lilikuwa limewapita. Palibaki kiapo cha Bibi tu. Nilikipima kile nacho. Tutaona akivuka, Bibi atakwenda Kiuyu. Kiuyu kuna gari. Kiuyu nitamfuata.

Baada ya adhana ya adhuhuri wanaume walikwenda msikitini na wanawake walikuwa jikoni uwani. Mama, macho mekundu kwa kukesha, aliniambia nimtazame Bibi kidogo na yeye aswali. Mara tu alipogeuka nikakimbilia mlango wa mbele, nikamwita Tutaona kwa mnong'ono.

Akaja mpaka kizingitini, akakaa.

Nikamwita tena. Nikamwonyesha ukoko. Akajilamba midomo kwa tamaa, akageuza uso pembeni, hakunyanyua mguu. Nikamvuta shingo. Akajikaza, kucha zinakwaruza saruji, macho yananiuliza kama nimepatwa na wazimu. Mbwa aliyeshindikana kusimama kwa Baba, kwa wasasi, kwa wanawake wa pwani, alikuwa amefundishwa na mimi kitu kimoja tu, na kitu hicho alikijua barabara. Nililia kwa hasira. Mwishowe nikachukua gunia lake la kulalia, nikamlaza juu yake kwa nguvu, nikalivuta na yeye juu, inchi kwa inchi, miguu yake minne imekakamaa hewani. Hivyo ndivyo alivyovuka. Hakuvuka, alivushwa.

Chumbani palinukia udi na mafuta ya kuchulia. Nikafunga mlango. Tutaona akalala chini ya miguu ya Bibi, ulimi nje, ute unamdondoka sakafuni, na kwa mara ya kwanza tangu atoke kwenye lile boksi hakutaka kwenda popote. Mimi pia. Nilikaa kuegemea mlango, na miguu yangu ilikuwa imetulia kabisa. Nilisikiliza pumzi za Bibi zikienda na kurudi na nikajiambia sasa zinaweza kwenda na kurudi zitakavyo, hakuna wa kuzikatisha.

"Nani huyo?" Bibi akauliza, macho kayafumba.

"Mimi, Bibi."

"Si weye. Mwengine. Nasikia pumzi mbili."

Akageuza kichwa taratibu, akayaona yale masikio. Nikangoja ukali wake.

"Kavuka mwenyewe?"

"Hapana, Bibi. Kakataa. Nimemburura."

"Ahaa." Alipumzika kidogo. "Basi yeye ndo mwenye adabu. Umemleta afanye nini?"

Nikamwambia yote, haraka haraka, maneno yanakanyagana: Maalim, hata mmoja, wale majirani na maji yao. "Na kama utakwenda Kiuyu kwa kuwa kavuka, nenda tu, Bibi. Nitakufuata. Kiuyu kuna gari."

Kitanda kikaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka, kicheko kisicho sauti kilichogeuka kikohozi, na kikohozi hakikutaka kwisha. Nikamshika bega mpaka kikapita. Machozi yalikuwa yamemteremka mpaka masikioni.

"Kwa hivyo ushamfungia mlango," alisema.

"Ndiyo, Bibi."

"Na wale malaika wa rehema nlokuwa nkiomba miaka yote waje wanisimamie siku hii? Nao umewafungia?"

Hao sikuwa nimewafikiria.

"Mtoe, mwanangu. N'na mgeni miye. Nshamngoja, nshajitengeneza. Si vizuri akute mlango umefungwa."

"Akija utakwenda naye?"

"N'takwenda."

"Mimi nitalala na nani?"

Bibi alikuwa mtu wa majibu ya papo hapo. Safari hii kwanza mkono wake ulipapasa shuka mpaka ukaukuta wangu. "Utalala peke yako," akasema. "Usiku wa kwanza utaona vibaya. Wa pili pia. Kisha utalala."

"Sitaki."

"Najua hutaki. Mtoe. Kisha usafishe hapo alipolala, kama ulivyofunzwa."

Nikamfungulia Tutaona. Sikuhitaji kumwambia mara mbili. Aliruka kutoka ukumbini, akakivuka kizingiti kwa juu bila kukigusa, akapotea njia ya kondeni kwa mbio zake zote. Nilimwonea wivu tena, wivu ule ule. Ningeweza kumfuata. Badala yake nilikwenda bombani nikachota maji na udongo, nikarudi chumbani, nikasukuma mlango nyuma yangu ili Mama asiione aibu yetu, nikapiga magoti.

Sijapata kufanya kazi polepole kama ile, kabla wala baada. Mara ya kwanza kwa udongo. Nikasugua. Nikamwaga maji, nikakausha kwa kitambaa, nikakamua. Ya pili. Ya tatu. Nilijua ikimalizika ya saba chumba kitakuwa safi na hakitakuwa na kizuizi tena, na mikono yangu ikawa mizito. Nilipofika ya nne, niliifanya, kisha nikajidai nimesahau hesabu, nikaanza kuifanya tena.

"Ya nne hiyo ushaifanya," Bibi akasema, macho kafumba.

Nikaendelea na ya tano.

Bibi alifariki siku chache baadaye, Ijumaa, nyumba imejaa watu, Baba anamsomea sikioni, Ami Khalfan analia kwenye simu kutoka Maskati. Kila aliyekuwepo alisema kaondoka kwa wepesi. Nilikuwa nimesimama kati ya miguu ya wakubwa, na nililia kama watoto wote. Lakini mtu akiniuliza Bibi yako aliondoka lini, siikumbuki Ijumaa. Nakumbuka mchana ule mwingine, mikono yangu imelowa, ya saba nimeimaliza na sakafu imekauka, na hakuna tena cha kusafisha. Bibi hakunihimiza. Alinisubiri tu, kama mimi nilivyokuwa nikimsubiri mbwa aamue. Mlango nilikuwa nimeufunga kwa mkono wangu, na hakukuwa na mtu mwingine wa kuufungua. Nilisimama mbele ya mlango muda mrefu, bila kutikisa hata goti. Halafu nikaushika, nikaufungua wote, mpaka ukagonga ukuta.